Upande wa Kulia Haulii

Jumamosi, 9 Novemba 1996

Nimesahihisha insha kumi na nne. Zimebaki ishirini na tisa. Mada: Safari Niliyoifurahia. Watoto kumi wamekwenda Mombasa, na wote kumi najua hawajafika hata Athi River. Nimewapa alama nzuri. Kuota si kosa la sarufi.

Nje, mume wangu, Baba Anyango, anaosha gari. Kila Jumamosi saa nne. Sabuni, maji, kitambaa cha kwanza, kitambaa cha pili. Halafu nyundo.

Nyundo ndiyo ibada yenyewe. Miaka thelathini na moja alitembea kando ya mabehewa akigonga magurudumu na ekseli, akisikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma chenye ufa husema pu, kama mtu aliyepigwa mgongoni. Alistaafu Aprili, reli ilipopunguza wafanyakazi, lakini mtaa haujakubali kumstaafisha. Wanawake wa Kaloleni humletea majembe na masufuria. Baba, hebu tugongee. Anagonga, anainamisha kichwa, anatoa hukumu. Haina rufaa.

Leo Mama Wafula, jirani yetu wa mlango wa pili, alileta sufuria lake kubwa la uji. Likahukumiwa kuwa zima. Akaondoka nalo kama aliyetoka kubarikiwa.

Nilipokuwa nikifagia ndani ya gari nimepata glavu ya mtoto chini ya kiti cha nyuma. Ya sufu, nyekundu, haiingii hata vidole vyangu viwili. Gari lilitoka Japani likiwa limeshatumika. Baba Anyango alilinunua kwa kiinua mgongo chake, viti vinane vya kitambaa, tunajibana hata kumi na mmoja. Kumbe kuna mtoto huko aliyerudi nyumbani mkono mmoja umekufa ganzi. Nilikaa na glavu magotini muda mrefu. Insha zikasubiri.


Jumapili, 10 Novemba

Kanisani kwa gari. Tukiwa tisa.

Huko nyuma kuna mvumo. Si mbaya. Mrefu, wa chini, kama mama anayebembeleza mtoto chumba cha pili. Niliusikia na macho yakaniwia mazito, nikaona barabara nyeupe na miti isiyo na majani. Sijui nimeitoa wapi miti hiyo.

Kwaya ya akina mama wanaimbia humo humo garini. Wameshika sauti ya kwanza kutoka kwenye mvumo. Imewatosha kabisa.

Anyango amekaa karibu na gurudumu la kulia. Ana miaka kumi na sita na hana subira na watu wazima. Amenisogelea: "Mathe, hii dinga inalia vinoma huku nyuma. Mbuyu haskii?"

Nikamwambia azungumze Kiswahili: gari, si dinga; baba, si mbuyu. Ndilo jibu langu kwa kila swali ninaloliogopa.

Baada ya ibada Baba Anyango ametangaza rasmi. Binti wa marehemu kaka yake anaolewa Butere tarehe 21 Desemba. Yeye ndiye atakayesimama mahali pa baba. Atakwenda na gari lake, na kwaya ndani yake. Alhamisi tarehe 19, alfajiri. Akina mama wamepiga vigelegele. Sijamwona akiwa mrefu namna ile tangu astaafu.


Jumatano, 13 Novemba

Nimeota theluji. Sijawahi kuiona, kwa hiyo ilikuwa unga wa ugali. Ulinyesha juu ya Kaloleni nzima, juu ya vigae na kamba za nguo. Familia fulani ilipita katika gari letu, kimya, madirisha yamefungwa. Mtoto alinipungia mkono usio na glavu.

Nimeamka nikiwa na huzuni isiyo yangu.


Jumapili, 17 Novemba

Niandike polepole ili nisijidanganye.

Baada ya kanisa watu walikusanyika mlangoni petu, akina mama wa kwaya wote. Wanataka gari ligongwe kabla ya kuandikisha majina ya safari. Baba Anyango akalala juu ya gunia, akaingia chini nusu. Akagonga ekseli upande wa kushoto. Ngiii. Sauti ndefu, safi. Akagonga upande wa kulia.

Pu.

Akagonga tena. Pu. Akainamisha kichwa vile vile, akafumba macho vile vile. Akatoka, akajipangusa magoti, akasema linalia sawa pande zote mbili.

Watu wakapiga makofi. Hawakusikiliza chuma. Walimtazama yeye usoni, kama wanavyofanya siku zote. Ni mimi tu niliyesikia. Na Anyango, ambaye alinitazama kisha akatazama chini.

Upande wa kulia haulii. Darasani sentensi hiyo ingewachekesha watoto.

Sasa nahesabu. Redio, ambayo tangu mwaka jana inasikika hadi kwa Mama Wafula. Birika, linalopiga filimbi mpaka linakauka, naye amekaa kando yake. Jinsi anavyotazama midomo ya watu. Jinsi ninavyosema naye jikoni nikiwa nimempa mgongo, na hajibu. Nilidhani ni kiburi cha kustaafu. Nimemnunia mwaka mzima kwa kosa la masikio.

Hasikii. Mume wangu hasikii.


Jumatatu, 18 Novemba

Nilipika.

Mama Wafula amekuja akicheka, sufuria lake linavuja. Ati bahati mbaya, labda alilipiga mahali. Hakumlaumu mtu. Imani ya wanawake hawa inanitia hofu.


Alhamisi, 21 Novemba

Baba Anyango alikwenda mjini kwa mambo ya karatasi zake za uzeeni. Nikamwita Fundi Shaaban, ambaye hutengeneza magari uwanjani, ng'ambo ya Jogoo Road. Mtu mpole. Watoto wake watatu nimewafundisha kusoma. Alikuja na bisibisi moja tu mfukoni.

Akaingia chini. Akaniita nichutame nione.

Ekseli ilikuwa nyeusi, inang'aa kama kiatu cha askari. Akaweka ncha ya bisibisi, akasukuma kwa kiganja, bila nguvu. Ikaingia. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, kutu ilimwagika kama majani ya chai.

"Mwalimu, hii imeliwa kutoka ndani. Huku nje walipaka rangi ikauzwa. Ndani ni mkate."

Nikauliza gari la miaka tisa linaozaje hivyo, wakati Nairobi kuna magari ya tangu Uhuru. Akasema huko lilikotoka, baridi ikizidi, watu humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi na maji huingia kwenye bomba la ekseli na kukaa humo. Nilidhani anatia chumvi. Kumbe chumvi yenyewe ndiyo hadithi.

Kuchomelea hakuwezekani, hakuna chuma cha kushikilia. Ni kutafuta ekseli nyingine, na ya aina hii hajaiona Nairobi. Akasema nisipande. Akasema mtu yeyote asipande.

Nikamwomba asimwambie Baba Anyango. Nitamwambia mwenyewe. Fundi alinitazama kidogo, akafuta bisibisi kwenye suruali. "Sawa, Mwalimu. Lakini usikawie."

Nimefagia ile kutu. Nimeimwaga kwenye maua.


Ijumaa, 22 Novemba

Kwa nini siwezi kusema? Nijibu kama mtihani.

Kwa sababu nikisema ekseli imeoza, nasema aligonga akakosea. Nikisema alikosea, nasema hasikii. Nikisema hasikii, basi yule mtu anayesimama kando ya gari kila Jumamosi ameinamisha kichwa hayupo tena. Atabaki nani? Mzee wa mtaa mwenye redio kubwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeifundisha methali hiyo miaka kumi na nane, na siku zote nilidhani inahusu marafiki wabaya.


Jumapili, 24 Novemba

Leo nimefanya jambo la aibu.

Nilisema kichwa kinaniuma, siendi kanisani. Nikamzuia na Anyango, ati anikande. Wengine wakapanda. Mama Wafula akapanda. Nikaokoa wangu, nikawapungia wa wenzangu.

Gari liliondoka likivuma. Nililala kitandani nikiufuata mvumo hadi ulipokata kona ya ukumbi wa mtaa. Halafu kimya. Kimya cha saa mbili na nusu. Niliona gurudumu likitoka peke yake na kutembea taratibu mbele ya gari, kama mtu aliyechoka kungoja wenzake. Sikuwa nimelala.

Wamerudi wote. Wamecheka sana njiani. Baba Anyango ameniletea dawa ya kichwa. Nimeimeza nikiwa sina maumivu yoyote.


Jumatano, 27 Novemba

Nimemwambia. Nusu.

Nilimwambia Shaaban amepita, ameona ekseli, imeoza. Nilisema nikimtazama ili midomo yangu ionekane. Hakuuliza nilichosema. Alielewa mara moja, na uso ukamfunga.

Akasema Shaaban ni fundi wa kubahatisha. Akasema miaka thelathini na moja hakuna behewa lililoanguka aliloligonga yeye. Kweli. Akasema twende nje niione mwenyewe. Tukaenda. Akanionyesha ile rangi nyeusi, akaipapasa kwa mkono kama mgongo wa ng'ombe. Tundu la bisibisi liko juu, halionekani ukiwa umesimama. Chuma kipya, akasema. Kiangalie.

Nilitaka kumwambia: tangu lini unaangalia? Wewe si mtu wa kuangalia.

Amekula kimya. Nami nimekula kimya. Anyango ametutazama mmoja baada ya mwingine kama anayetazama tenisi.


Jumapili, 1 Desemba

Mazoezi ya kwaya ukumbini. Sare ni kitenge cha kijani, Mama Wafula amewashonea wote. Majina kumi na moja, la dereva likiwemo. Langu ni la kwanza kwa sababu mimi ni mke wa dereva.

Nilisogea pembeni kumwambia Mama Wafula asisafiri. Nikaanza na habari za mvua. Nikamaliza na habari za mvua.

Mimi ni mwoga. Liandikwe.


Alhamisi, 5 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Alikaa mlangoni akiitazama. Nilisimama nyuma yake, hatua tatu. Nikamwita kwa jina ambalo mama yake tu humwita, jina la mvulana wa kuchunga ng'ombe. Mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida. Mara ya pili kwa sauti ya darasani.

Hakugeuka. Aliendelea kutazama mvua ikianguka bila sauti. Nilifikiri: hivyo ndivyo theluji ilivyo. Amekaa katika nchi ya theluji mwaka mzima, peke yake, na mimi nalalamika jikoni.

Nililia. Angalau hilo naweza kulifanya nyuma yake bila kujificha.


Jumamosi, 14 Desemba

Mwandiko wa darasa la kwanza.

Saa tisa Baba Anyango alisema anataka kulijaribu gari likiwa na mzigo. Nilikuwa sokoni. Walipanda akina mama sita na Anyango. Hakuna aliyenisubiri. Kwa nini wanisubiri?

Narudi na kikapu, nikaliona likija polepole kando ya ukumbi, mwendo wa baiskeli. Likapanda lile tuta dogo. Likashuka. Mlio wa kukatika kama gogo. Upande wa kulia ukakaa chini. Gurudumu likalala kama sikio la mbuzi.

Na gari likaendelea kuja.

Hilo ndilo siwezi kulifuta. Chuma kilikwaruza lami, cheche zilitoka, akina mama walipiga mayowe, mtaa mzima ulitoka nje. Naye alikuwa ameketi wima, macho mbele, uso umetulia, akikanyaga mafuta kwa sababu gari lilikuwa zito kidogo. Hakusikia. Aliburuta ile sauti hatua thelathini, huku sote tukimtazama. Anyango ndiye aliyeinuka na kumshika bega.

Akasimamisha gari. Akageuka nyuma. Akaona midomo yote iko wazi.

Mama Wafula ameteguka kifundo cha mkono. Anyango amepasuka mdomo, nyuzi mbili. Wengine ni hofu. Kwa mwendo ule. Siku ya Alhamisi tungekuwa tunateremka bondeni, njia ya Butere, kumi na mmoja, kwa mwendo mwingine.

Hakuna aliyemsema. Wanaume wamesukuma gari hadi mlangoni petu, wamelipandisha juu ya mawe. Sasa wote wanajua. Wamemuaga kwa kumpungia mkono, wote, kama mtu aliye mbali.


Jumapili, 15 Desemba

Hatukwenda kanisani.

Nilikwenda kwanza kwa Mama Wafula nikamwambia ukweli. Nilijua tangu tarehe 21 Novemba. Nilikuacha upande gari hata hivyo. Alitazama mkono wake, uliofungwa kitambaa cha sare, kijani. Akasema, "Mwalimu, hiyo umenikosea." Alinipa chai. Niliinywa na kila funda lilinichoma.

Kisha nikarudi kwa Baba Anyango. Alikuwa ameketi kitandani, viatu miguuni. Niliketi mbele yake mahali anapoweza kunisoma. Nikasema yote. Kwamba nilisikia ile pu. Kwamba najua kuhusu masikio. Kwamba nilinyamaza kwa ajili yake na karibu nimuue mtoto wetu kwa ajili hiyo hiyo.

Akanitazama. Nilitarajia hasira. Akasema alijua kabla yangu.

Miaka miwili masikio yalikuwa yakififia. Halafu Februari mwaka huu, siku moja kituoni, aligonga ekseli ya behewa la abiria, asisikie kitu. Akagonga la pili, zima kabisa, asisikie kitu vilevile. Alimwita kijana mwenzake ayarudie yote, akasingizia jua. Kisha akaandika barua mwenyewe. Hakuna aliyempunguza kazi. Sisi wote tulidhani amepunguzwa, kama wenziwe, naye akatuacha tudhani hivyo.

Nilimuuliza: kule uliacha kazi ili usiue watu. Hapa kwetu je?

Akasema kule walikuwa wanataka hali ya gurudumu ijulikane. Hapa mtaani walikuwa wanataka yeye agonge. Sufuria, jembe, alidhani ni mchezo wa kumheshimu mzee, hauna madhara. Na ekseli ilikuwa nyeusi, nzuri, kama mpya. Aliamini macho. Macho hayajui chuma, akasema.

Nilimkasirikia sana. Nilimhurumia sana. Sikujua kipi kinatangulia, nikavifanya vyote viwili. Mficha maradhi kilio humfichua, nikamwambia, kwa sauti ya ualimu kabisa. Akasoma midomo yangu hadi mwisho, akasema mwalimu naye ameficha.

Kweli. Tulikuwa wawili chini ya rangi moja.


Jumatatu, 16 Desemba

Kaenda mwenyewe kwa Mama Wafula. Sikumfuata. Amekaa huko muda mrefu.

Halafu alipita nyumba kwa nyumba, kwa wale akina mama watano waliobaki. Kila mlango alisema jambo lile lile: siku hizi sisikii, msiniletee kitu nigonge. Anyango alikwenda naye, mdomo umevimba, wa kumrudishia maneno ya watu. Amerudi akaniambia, "Mathe, buda ni mnoma." Machozi ya kujivunia baba yake yalikuwa yanamtoka. Safari hii sikumsahihisha.

Fundi Shaaban amefungua ekseli. Imetoka vipande viwili. Ndani kulikuwa na kitu cheupe, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Nimekigusa kwa ulimi. Sijui kwa nini. Hakikuwa na ladha ya chumvi tena. Chuma kilikuwa kimeila yote.


Jumatano, 18 Desemba

Tunakwenda kwa treni. Yeye ndiye aliyesema. Nilidhani ataogopa kuonekana kituoni na waliokuwa chini yake. Amepiga pasi shati mwenyewe.

Kwaya wote wanakuja. Mama Wafula anakuja. Amesema ataimba, mkono si koo.


Ijumaa, 20 Desemba

Asubuhi. Tumebadilisha treni Kisumu, sasa tuko kwenye ya Butere, inakwenda kama isiyo na haraka ya kufika. Tumepita Maseno. Ukungu uko chini kwenye migomba, nyumba zinaelea juu yake. Watoto wanakimbia kando ya njia na mbwa. Sijalala vizuri na sitaki kulala.

Anyango anasinzia begani kwa Mama Wafula, upande wa mkono mzima.

Baba Anyango ameketi dirishani. Kesho atamshika mkono yule binti na kumtembeza mbele ya watu. Aliniuliza kasisi atamuuliza maneno gani, nikamwandikia pembeni mwa ukurasa huu. Ayasome hadi ayajue, ajibu wakati wake. Ameyasoma mara nyingi. Hajasoma mengine ya kitabu hiki, ingawa kilikuwa mikononi mwake.

Akina mama wameanza kuimba, taratibu, wengine macho yamefungwa. Aliona midomo yao. Akanigeukia, akaniuliza mbele ya watu wote, bila kupunguza sauti, wanaimba nini.

Nikamwambia.

Akasema nirudie, hakulipata neno la mwisho. Nikarudia.